Amri, Askari na Bei ya Ng'ombe Mhunze

Ng'ombe mmoja, mwenye uzito uleule na afya ileile, anaweza kupata bei mbili tofauti katika mnada wa Mhunze ndani ya wiki chache. Kwa kawaida tofauti hiyo huelezwa kwa mvua, kwa msimu wa pamba, au kwa wingi wa wanunuzi waliofika siku hiyo. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Sehemu ya bei hutengenezwa mbali na mnada: katika ofisi zinazotoa amri kuhusu mifugo, na mikononi mwa askari wanaozitekeleza. Makala haya yanaifuata njia hiyo kutoka ofisini hadi zizini.

Tuanze na mahali penyewe. Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, nchi ya mbuga nyeusi, pamba, mtama na mifugo, yenye mgodi wa almasi wa Mwadui ndani ya mipaka yake. Mnada wake ni miongoni mwa minada ya upili. Mnada wa awali ni ule wa karibu na kijiji, unaosimamiwa na halmashauri, ambako mfugaji huleta mnyama mmoja au wawili. Mnada wa upili husimamiwa na wizara yenye dhamana ya mifugo, na hupokea wanyama waliokwisha kununuliwa katika minada ya awali pamoja na wale wanaoletwa na wafugaji wenyewe. Hapo hununua wafanyabiashara wenye malori, wanaopeleka ng'ombe Mwanza, migodini Geita na Kahama, au hadi Pugu, Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000.

Katika mnada wa namna hii wanakutana watu wawili wasiolingana. Mnunuzi ana fedha taslimu, na asipompata ng'ombe leo Mhunze atampata kesho mnada mwingine. Muuzaji amemswaga ng'ombe wake tangu alfajiri. Asipouza, atamrudisha nyumbani kwa miguu, mnyama akipungua uzito njiani, na shida iliyomtoa zizini ikiwa bado inamsubiri. Bei inayofikiwa hutegemea nani kati yao anaweza kusubiri zaidi. Uwezo huo wa kusubiri ndio kipimo tutakachokitumia hadi mwisho, kwa hiyo msomaji na aushike vizuri.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mfugaji wa Kishapu kwa kawaida hafugi kwa ajili ya kuuza kila mwezi. Ng'ombe ni akiba. Fedha ya pamba ikipatikana kati ya Juni na Agosti, sehemu yake hugeuzwa mtamba. Mchimbaji mdogo aliyebahatika katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Geita, hufanya vivyo hivyo, hutuma fedha nyumbani ikanunue ng'ombe. Akiba hiyo huzaa, huenda yenyewe kwa miguu, na hutoa maziwa. Mwenye nayo huigusa anapougua mtu, inapokosekana chakula, au shule zinapofunguliwa Januari na sare zinahitajika. Mtu wa namna hii akiuza bila kuwa na shida yake mwenyewe, yapo mambo ya nje yaliyomsukuma.

Jambo la kwanza la nje ni wizi. Tuseme katika eneo fulani ng'ombe mmoja kati ya kila 20 huibwa kila mwaka. Kwa hesabu, hiyo ni sawa na kodi ya asilimia 5 kwa mwaka inayotozwa akiba yote, ila mtozaji wake haandiki stakabadhi. Mfugaji anaweza kuijibu kwa njia tatu: kuuza mapema kabla ya kuibiwa, kuhama, au kulipia ulinzi. Mbili za kwanza humwondolea uwezo wa kusubiri. Ya tatu ina gharama, na historia ya Usukuma na Unyamwezi inatuonyesha jinsi gharama hiyo ilivyolipwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika eneo la mpaka wa Kahama na Nzega, wanavijiji walianzisha sungusungu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha silaha mikononi mwa watu, wizi wa ng'ombe ulikuwa umeongezeka, na polisi walikuwa wachache na mbali. Yowe la hatari, ambalo Wasukuma huliita mwano, lilipopigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kutoka na upinde wake na kufuata nyayo. Asiyetoka alitozwa faini. Ulinzi ulilipiwa kwa usingizi na nguvu za watu, sarafu ambayo hata kaya maskini ilikuwa nayo. Serikali ilisita mwanzoni, kisha ikaukubali utaratibu huo, na marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yakaupa sura ya kisheria.

Ulinzi huo wa bei nafuu ulikuwa na gharama zilizofichika. Waliotuhumiwa waliadhibiwa mara nyingi bila mahakama. Mtu asiye na ndugu wengi kijijini hakuwa na wa kumtetea, na tuhuma za uchawi dhidi ya wanawake wazee ziliingia humo pia. Wala ulinzi wa Serikali yenyewe haukuwa na rekodi safi mkoani humu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kutokana na vifo vya watuhumiwa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga. Kwa hiyo mfugaji wa huku amejifunza kuhofia pande zote mbili, mwizi na anayemkamata mwizi. Hofu hiyo ya pili nayo ina bei yake, tutakayoifikia baada ya hatua moja.

Hatua hiyo ni amri zenye tarehe ya mwisho. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na kusudi lake ni jema: mnyama anayetambulika ni mgumu kuibwa, na nchi inayoweza kuonyesha nyama yake imetoka wapi hupata masoko bora ya nje. Utekelezaji ndio uliokwenda kwa mikupuo. Kwanza ilikuja kampeni ya chapa ya moto, iliyopewa mwisho wa Desemba 31, 2017, kisha ikasogezwa hadi Januari 31, 2018. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, kwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe na 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Wafugaji waliokwisha kupiga chapa waliuliza kwa nini walipie mara ya pili, na zoezi hilo likasitishwa baada ya malalamiko.

Shilingi 1,750 ni ndogo ukiilinganisha na bei ya ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe 100, hata hivyo, anatakiwa kutoa 175,000 taslimu, na fedha yake yote imesimama zizini ikicheua. Ili alipe ni lazima auze. Tarehe ya mwisho ikiwa moja kwa wilaya nzima, majirani zake nao watauza wiki hiyohiyo. Ng'ombe wanajaa mnadani, wanunuzi ni walewale, na bei inashuka. Hasara inayopatikana kwa kushuka bei huweza kuizidi ada yenyewe mara kadhaa, wala haionekani katika kitabu chochote cha mapato ya Serikali. Ukitaka kujua gharama halisi ya ada, basi, tazama kiwango chake pamoja na mwezi uliochaguliwa kuikusanya. Ada hiyohiyo ikidaiwa Agosti, pamba ikiwa imeshalipwa, haina madhara inayokuwa nayo ikidaiwa Februari.

Kampeni iliyofuata ilipangwa kwa namna tofauti. Juni 16, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Safari hii hereni hutolewa bila malipo, na Serikali hubeba nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe. Kwa kipimo chetu tofauti ni kubwa, kwa kuwa mfugaji hasukumwi mnadani ili atii sheria.

Sasa tufike penye uzito, yaani kukamatwa kwa mifugo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuchunga mifugo ndani ya mapori ya akiba, na inaipa mahakama uwezo wa kutaifisha, yaani kuhamisha umiliki wa mnyama kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa Serikali. Kwa mfugaji wa ukanda huu hilo si jambo la kinadharia. Magharibi mwa Kahama na Geita kuna maeneo yaliyohifadhiwa ya Kigosi na Moyowosi. Burigi-Chato ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Mashariki mwa Kishapu, upande wa Simiyu, kuna Pori la Akiba la Maswa. Ukame ukizidi, nyasi na maji viko huko.

Tufanye hesabu ya mfano, tukikubaliana kwamba namba zake ni za kufundishia tu. Mfugaji amekamatiwa ng'ombe 60, kila mmoja ana thamani ya shilingi 600,000. Kundi zima ni milioni 36. Anaambiwa anaweza kukiri na kulipa faini papo hapo, utaratibu ambao wanasheria huuita kufifilisha kosa, kwa shilingi 100,000 kila ng'ombe. Jumla ni milioni 6. Hana fedha hiyo, ila ana ng'ombe wengine nyumbani. Kwa bei ya kawaida angeuza 10 na kumaliza deni. Lakini anauza kwa haraka, na wanunuzi wanajua, kwa sababu habari za kukamatwa hufika mnadani kabla ya mwenye ng'ombe. Anapewa 450,000 kwa kila mmoja, kwa hiyo anauza 14. Faini iliyoingia Serikalini ni thamani ya ng'ombe 10. Wanne waliobaki, ukiondoa chenji kidogo, wamehamia kwa mnunuzi, na hakuna sheria iliyokusudia wahamie huko.

Tuseme sasa kwamba mfugaji huyu anaamini hana kosa, kwamba mpaka wa hifadhi haukuwekwa alama pale, au kwamba askari waliwaswaga ng'ombe kutoka nje kuwaingiza ndani. Anakwenda mahakamani. Shauri linachukua siku 60. Katika siku hizo ng'ombe wamefungiwa eneo dogo, maji haba, ndama wametengana na mama zao. Tukikadiria kwamba kundi limepoteza moja ya tano ya thamani yake, hasara ni milioni 7.2, na hapo hatujahesabu nauli wala wakili. Ameshinda kesi, ng'ombe wamerudishwa, na amepoteza zaidi ya faini yenyewe ya milioni 6 ambayo angelipa siku ya kwanza.

Hili linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu kila kitu kingine kinafuata kutoka hapo. Mali inayokula, kunywa na kufa haiwezi kuwekwa kizuizini kama pikipiki. Kila siku ya kuishikilia ni adhabu inayotekelezwa kabla ya hukumu. Mwenye haki na asiye nayo wote wanasukumwa kwenye uamuzi mmoja: kulipa upesi. Na hapo hapo panafunguka mlango wa tatu, usio na stakabadhi. Kiasi chochote kilicho chini ya milioni 6 ni nafuu kwa mfugaji, na kiasi chochote kilicho juu ya sifuri ni faida kwa askari asiye mwaminifu. Hatuhitaji kudhani kwamba askari wengi ni wabaya. Inatosha kuona kwamba utaratibu wenyewe unampa kila mmoja wao fursa hiyo, kila siku, porini, mbali na macho ya mkubwa wake.

Upande wa mhifadhi nao una hoja, na haifai kuipita haraka. Adhabu ikiwa ndogo kuliko faida ya malisho, faini inageuka ada ya kuchungia, na mwenye ng'ombe 1,000 ataipanga katika bajeti yake. Ardhi oevu ya Moyowosi ikikanyagwa na kukauka, hasara itawarudia wafugaji walewale miaka ya mbele. Wapo pia wenye makundi makubwa, wengine wakiishi mijini, wanaomtuma kijana wa miaka 15 porini, naye ndiye anayekamatwa. Kwa hiyo ukali wa adhabu una sababu yake. Swali tunalolifuata ni jingine: adhabu inamfikia nani, na saa ngapi.

Oktoba 2013 swali hilo lilijibiwa vibaya kuliko kawaida. Operesheni Tokomeza ilianzishwa dhidi ya majangili wa tembo, ikiunganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Malalamiko ya wafugaji kwamba walipigwa, waliporwa na mifugo yao iliuawa yalifika bungeni, na operesheni ikasimamishwa. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli, mbunge wa Kahama, ilichunguza. Desemba 20, 2013, mawaziri 4 walipoteza nafasi zao, wa Maliasili na Utalii, Mambo ya Ndani, Ulinzi, na Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Kisiasa lilikuwa tukio kubwa. Kwa mfugaji, uwajibikaji wa waziri haukurudisha ng'ombe zizini.

Operesheni ina tabia moja ya kiuchumi inayoitofautisha na sheria ya kila siku: ina mwanzo na mwisho. Anayejua itakwisha hutafuta pa kujificha hadi ipite. Wafugaji walioondolewa Ihefu na bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi wao Wasukuma waliokuwa wameondoka kanda hii kutafuta malisho, walielekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2012 ikaja zamu ya bonde la Kilombero. Kila mara ng'ombe waliuzwa kwa haraka, wengine wakafia njiani, na waliobaki wakaenda kugombana na wakulima wa mahali papya, ambako nako polisi walihitajika.

Mpaka wa nchi una somo lake. Oktoba 2017 Serikali ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 walioingia kutoka Kenya kutafuta malisho, na mwezi huohuo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia Namanga vikateketezwa kwa moto. Mwaka 2018, chini ya Waziri Luhaga Mpina, ikafuata Operesheni Nzagamba dhidi ya biashara ya mifugo na mazao yake inayokwepa vibali na ushuru. Nia ilikuwa kuzuia magonjwa na upotevu wa mapato. Lakini mnunuzi wa Kenya ni mmoja wa wachache wanaoweza kumpandishia bei mfanyabiashara wa Pugu. Anapotishika na kukaa nyumbani, mnada wa Kanda ya Ziwa unabaki na wanunuzi wachache, na uwezo wa muuzaji kusubiri unapungua hata kama hajavunja sheria yoyote.

Linganisha na dhahabu, katika ukanda huuhuu. Dhahabu nayo ilikuwa ikitoroshwa, na ni rahisi zaidi kuficha kuliko maksai. Januari 22, 2019, Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo. Mwezi uliofuata Bunge lilifuta kwao kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita, na mauzo yaliyoandikwa rasmi yakaongezeka sana. Askari hawakuondolewa, kilichobadilika ni kwamba njia halali ilikuwa nafuu kiasi cha kumfanya mchimbaji aione kama biashara. Wiki moja kabla ya mkutano huo, Januari 15, Rais huyohuyo alikuwa amesimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi. Kwa mfugaji huo ulikuwa unafuu. Unafuu unaotoka kinywani mwa mkuu, hata hivyo, unaweza kurudishwa kwa njia hiyohiyo, tofauti na kodi iliyofutwa kwa sheria, na mtu hapangi mifugo yake ya miaka 10 kwa kauli.

Mfano wa mwisho uko Shinyanga penyewe. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa uliokuwa unageuka jangwa. Badala ya kuwaondoa wafugaji, ulifufua ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili liliwe kiangazi. Kutoka takriban hekta 600, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000 kabla mradi haujaisha mwaka 2004. Walinzi walikuwa watu wa kijiji, faini zilijulikana kwa wote, na migogoro ilipelekwa dagashida, baraza la jadi. Mwenye ngitili anaweza kumweka ng'ombe wake hadi Novemba na kumuuza anapotaka. Nyasi zile zilizofungiwa ni siku za kusubiri.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Ukali wa amri na wingi wa askari si kipimo kizuri cha sera ya mifugo. Kipimo ni idadi ya siku ambazo amri inamwongezea au kumpunguzia mfugaji kabla hajalazimika kuuza. Mwizi humpunguzia siku. Tarehe ya mwisho isiyofuata msimu humpunguzia. Kizuizi cha ng'ombe bila muda maalumu humpunguzia kuliko vyote. Na siku zikipungua, mali huhama kutoka kwa mwenye ng'ombe kwenda kwa mwenye fedha, huku Hazina ikipata sehemu ndogo tu.

Kati ya marekebisho yanayowezekana, lenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni dhamana ya mifugo: ng'ombe waliokamatwa warudishwe kwa mwenyewe ndani ya siku chache, akiwa amesaini kuwaleta au kulipa thamani yao mahakama ikimtia hatiani. Pingamizi lake linajulikana. Atawauza au kuwahamisha usiku, na atakaporudi mahakamani ataleta ng'ombe wengine. Miaka 10 iliyopita pingamizi hilo lilikuwa zito. Leo ng'ombe mwenye hereni ana namba yake, na namba hiyo inaweza kuandikwa kwenye hati ya dhamana na kukaguliwa kwenye kila mnada wa upili, Mhunze ukiwemo. Mfugaji anayekataa hereni kwa kuiona ni mtego wa kodi atakuwa na sababu ya kwanza ya kuitaka yeye mwenyewe.